Kipande Kilicholazwa

Watu wa mtaa wetu wa Giesing hupenda kusema kwamba Zenzi Aumüller alipigwa na mwanawe kwa ajili ya keki. Nikiwasikia napandwa na mori. Mimi nilikuwepo, nimesimama mbele ya mashine ya kahawa, nikauona mkono ukipanda na ukishuka, na nawaambia keki haikuwa sababu. Keki ilikuwa chambo, na aliyekitia kwenye ndoana ni Zenzi mwenyewe, akijua fika kitakachomfika.

Naitwa Afra. Katika duka la mikate la Hölzl mimi ndiye mmiminaji wa kahawa, na mkataji wa keki alikuwa Zenzi. Tulisimama pale bega kwa bega tangu tukiwa wasichana wenye viuno, mpaka viuno vikatutoka bila kuaga. Jikoni nyuma yetu Hölzl, mwenye duka, alikuwa akifoka mchana kutwa. Tabaka moja la keki likiungua, bati lilirushwa ukutani, na ukuta ule ulijaa mabonde. Wateja wakisikia kishindo walisema, "Leo kuna keki nzuri," wakaagiza.

Zenzi hakushtushwa na bati. Alikuwa ameyazoea mambo makubwa zaidi. Baba yake, fundi wa ngozi, alikuwa na mkanda aliouita Mwalimu. Wanawe wakikosea aliwaambia, "Haya, nendeni mkamlete Mwalimu," nao wakaenda kumleta wenyewe. Zenzi akaolewa ili amkimbie Mwalimu, akaangukia kwa Ignaz, mwendesha lori la kiwanda cha bia, mwanamume mwenye viganja vya kubebea mapipa. Mkimbia chui akakutana na simba. Ignaz alipiga kwa akili. Alingoja mlango ufungwe, kisha akapiga pale panapofunikwa na aproni. Kwenye ngazi za jengo letu kila mtu alisikia, na kila mtu alipandisha sauti ya redio. Jumapili baada ya misa Ignaz aliingia dukani, akavua kofia, akambusu mkewe mkono mbele ya wateja, na wanawake wa mtaa wakasema Zenzi ana bahati.

Alipoulizwa kuhusu jicho lililovimba alisema ameanguka ngazini. Ukiwasikiliza wanawake wenyewe, ngazi za Giesing zimepiga wanawake wengi kuliko wanaume wote wa Giesing.

Mapipa ndiyo yaliyomuua Ignaz. Kamba ilikatika uani kiwandani, yakashuka yote, yakampondaponda. Zenzi hakulia. Alikuja kazini na nguo nyeusi, akakata keki ya mazishi, akasimamisha kila kipande kama anavyosimamisha siku zote.

Hapo ndipo lazima nikuelezeni ufundi wake, maana bila hilo hamtaelewa. Keki ya nyumba yetu ni keki ya Mtawala, ile ambayo wazee waliipa jina la Prinzregent. Ni matabaka membamba ya keki, kila tabaka limeokwa peke yake, katikati krimu ya siagi na chokoleti, na juu pamemwagiwa chokoleti nyeusi inayong'aa. Kipande chake ni kirefu na chembamba. Zenzi alichovya kisu katika maji ya moto, akakifuta, akakata, akakiinua kipande kwa ubapa wa kisu, akakipeleka mpaka mezani na kukisimamisha wima kwenye sahani. Kwetu hilo si mapambo tu. Kipande kikilala ubavu kwenye sahani ya mtu ambaye hajaolewa au hajaoa, amepata mama mkwe mwovu. Watoto wanajua hivyo, mapadre wanajua hivyo. Nimewahi kumwona msichana akimrudishia mhudumu sahani huku analia. Lakini kwa Zenzi jambo hilo halikutokea kamwe. Wachumba walivuka mto kuja kwa Hölzl ili wakatiwe na mkono wa Zenzi.

Basi. Zenzi alikuwa na mtoto mmoja, Lorenz. Kijana mzuri wa sura, mrefu, mpiga lipu, mwenye kicheko cha kuwapendeza wanawake. Katika ukumbi wa bia alishamvunja mtu taya kwa sababu alimcheka. Hilo ndilo lililokuwa donda lake: kuchekwa. Ungeweza kumtukana akanyamaza, lakini ukimcheka damu ilimwagika. Mke wake wa kwanza, Burgi, alianguka ngazini akavunjika mkono. Akaanguka tena, zikaenda mbavu. Alipoanguka mara ya tatu, kaka zake walishuka kutoka milimani wakamchukua hospitalini, taya limefungwa waya, na hajaonekana tena mjini. Na Zenzi, nikwambie ukweli unaouma, alizunguka dukani akiwaambia watu, "Ngazi za jengo lile ni mbaya jamani, nimewaambia warekebishe." Maneno yale yale aliyoyasema juu yake mwenyewe aliyasema juu ya mkwe wake. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Zenzi aliyaficha ya mwanawe, na nusura kifo kimuumbue mtoto wa watu.

Baadaye Lorenz akapata mchumba mwingine. Roswitha alikuwa binti wa kaskazini, kutoka huko pwani kwenye upepo, mshonaji wa mapazia, mweupe, mcheshi, mwenye msuko mmoja mnene wa nywele mgongoni. Pete ilishavaliwa, na harusi ilipangwa ifanyike baada ya Pentekoste. Siku moja alipokuja dukani kununua mikate, mkono wa koti ulipanda kidogo, na Zenzi akaona kwenye kifundo alama za vidole, za kijani na manjano. Mikate ilimponyoka mikononi. Nilidhani anaumwa.

Jioni ile alimfuata binti kwenye duka la mapazia akamwambia kila kitu: Burgi, ngazi, Ignaz, yote. Kesho yake alinisimulia jinsi ilivyokwenda.

"Alinicheka, Afra. Akasema, 'Lorenz aliniambia utasema hivyo, mama. Kasema Burgi alikuwa mlevi, na wewe ulimpenda Burgi, na kila mama huona mwanawe kaibiwa.'"

"Na alama zile?"

"Eti alimshika asiteleze barabarani."

"Sikio la kufa," nikasema.

"Usiniambie habari za sikio la kufa! Mimi nilikuwa nalo hilo sikio. Lilikufa miaka mingi."

Binti, kwa upumbavu wa mapenzi, alimwambia mchumba wake. Lorenz akaenda kwa mama yake. Hakumgusa. Alifungua kabati la vyombo akatoa sahani moja moja, akaziachia sakafuni, moja, nyingine, nyingine, bila haraka, mpaka kabati likawa tupu. Kisha akamwambia, "Mama, kinywa chako," akaondoka. Zenzi alinihadithia huku anafuta kisu chake, na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Masikio yake hayataniamini," akasema. "Ataamini macho."

"Macho yataona nini, shoga? Mbele za watu Lorenz ni malaika. Ni baba yake yule yule."

"Ndiyo," akasema Zenzi. "Mbele za watu." Akaendelea kufuta kisu ambacho kilishakauka zamani.

Jumapili iliyofuata Lorenz alimleta mchumba wake kunywa kahawa ya saa za alasiri, ili mtaa umwone. Duka lilijaa. Kwenye meza ya pembeni walikaa wacheza karata wetu, na mkubwa wao mzee Vitus, aliyekuwa akisafisha mabomba ya moshi na ambaye ulimi wake haujawahi kusafishwa. Lorenz alivaa koti la kijani lenye vifungo vya pembe. Roswitha alivaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, la mikono mirefu, na jua lote lile.

"Mungu awasalimu nyote," akasema Lorenz. "Mama, tuletee keki ya Mtawala. Huyu maskini hajawahi kuionja. Kwao wanakula samaki na viazi."

"Mprusi!" akapayuka mzee Vitus. Kwake yeye kila anayetoka kaskazini ni Mprusi. "Zenzi, mpe kwa kijiko cha chai, asije akazimia kwa utamu!"

"Babu, hata kwetu kuna keki," akasema Roswitha.

"Keki gani? Mchanga na maji ya chumvi?"

"Ndiyo. Na tunawalisha wazee wenye midomo mirefu."

Duka zima likacheka, Vitus mwenyewe akapiga meza kwa furaha. Nilimpenda binti yule palepale, na moyo ukaniuma.

Zenzi alichovya kisu, akafuta, akakata. Alikiinua kipande, kirefu, matabaka yamenyooka. Akakipeleka mpaka mbele ya Roswitha, akakiweka, na kipande kikalala ubavu, pu, krimu ikapaka sahani.

Kisha vicheko vikalipuka.

"Yesu na Maria! Zenzi kaangusha!" akapiga kelele Vitus. "Binti, kimbia! Treni ya kaskazini bado ipo!"

"Mama mkwe mwovu!" wakaitikia wenzake. "Mama mkwe mwovu!"

Roswitha alicheka mpaka akaziba mdomo. "Hata bibi yangu husema hivyo," akasema. Lorenz naye alicheka, kile kicheko chake kizuri.

"Nitaleta kingine," akasema Zenzi.

Akaleta kingine. Nacho kikalala. Sasa watu walishika matumbo, na mama mmoja akaita mumewe kutoka nje aje aone. Kicheko cha Lorenz kilikuwa kimebaki menoni tu. "Umechoka, mama," akasema. "Mwache Afra alete."

"Afra ni wa kahawa," akasema Zenzi, akarudi kwenye kabati la kioo, akakata cha tatu. Alipopita mbele yangu niliuona mkono wake. Haukutetemeka hata kidogo, na hapo nikaelewa kwamba anafanya kusudi. Alifika mezani, akakisimamisha kipande wima, kizuri, kisha mbele ya macho ya wote akakisukuma kwa kidole.

Vicheko vikakatika.

"Unafanya nini, mama?"

"Namwonyesha mama mkwe wake."

"Kisimamishe."

"Hakisimami. Kipande hakisimami mbele ya mwanamke anayekwenda kulazwa." Alisema kwa sauti ya kuwafikia wote, mpaka wa meza ya mlangoni. "Burgi alilazwa mkono, akalazwa mbavu, akalazwa taya. Nikasema ngazi. Mimi mwenyewe nimelazwa na baba yako, nikasema ngazi. Roswitha, mwanangu, ngazi za nyumba yetu zina vidole vitano. Kunja mkono wa gauni uwaonyeshe watu."

Roswitha alikuwa mweupe kama unga. Mkono wake wa kulia ulikwenda kukishika kifundo cha kushoto, na mkono wa gauni hakuukunja.

"Nyamaza, kikongwe," akasema Lorenz kwa sauti ya chini. Masikio yalikuwa yamemwiva. Akawageukia watu akitafuta mtu wa kutabasamu naye. "Uzee," akasema. "Msameheni." Hakuna aliyetabasamu, ila kwenye meza ya karata mtu mmoja alikohoa, au alicheka, mpaka leo wanabishana.

Ndipo Zenzi akainama karibu naye, akasema tena kwa sauti ya wote: "Baba yako alikuwa na akili ya kungoja mlango ufungwe. Wewe hata hiyo huna?" Akacheka. Alimcheka mwanawe usoni. Sikuwahi kumsikia Zenzi akicheka vile.

Ngumi ilitoka chini ikampata kwenye taya. Nilisikia mfupa. Zenzi alirushwa nyuma akaangukia kabati la kioo, kioo kikapasuka, na mkono wake wa kulia ukapita ndani mpaka kwenye kiwiko, katikati ya keki. Alipoteleza chini damu ilikuja naye, juu ya krimu, juu ya aproni, juu ya vigae vyeupe. Lorenz akamfuata akampiga teke la ubavu, kisha la pili, kama mtu aliyesahau yuko wapi. Na Zenzi, pale sakafuni, hakumtazama. Alimtafuta Roswitha kwa jicho lililobaki wazi.

"Umeona?" akasema.

Lorenz akasimama akihema. Akazinduka. Akaona nyuso. "Chukua koti lako," akamwambia Roswitha. "Tunaondoka."

Roswitha akainuka. Akachukua koti lake kwenye ndoano. Naapa kwa watakatifu wote, nilitaka kumng'oa macho. Alitembea na koti lile mpaka alipokuwa Lorenz, akampita, akapiga magoti kwenye vioo, akaufunga mkono wa Zenzi kwa koti lake kwa nguvu, kama fundi anavyofunga jora.

"Nimeona, mama," akasema.

Lorenz alimshika msuko, akamvuta kichwa nyuma. Hapo sikufikiri. Birika la kahawa lilikuwa mkononi mwangu, limetoka mashineni, nikammwagia lote shingoni. Sijutii, na padre nimemwambia hivyo. Alipiga yowe akamwachia. Hölzl alikuwa ametoka jikoni na koleo refu la kutolea mikate, na akampiga nalo usoni kwa ubapa, akampiga tena kwa ukingo, na mzee Vitus na miaka yake yote akamvunjia kiti mgongoni. Meza zilipinduka. Mtu alimkalia miguu. Walimpiga zaidi ya inavyotakiwa, na mimi sikuwaambia waache.

Polisi walipofika alikuwa chini, kifua sakafuni, na bado anapiga kelele. "Mama! Waambie! Waambie umeanguka!"

Polisi alikuwa kijana wa mtaa huu huu. Mama yake namjua, naye ana ngazi mbaya. Alichuchumaa mbele ya Zenzi, akauliza kwa upole, kama walivyomfundisha nyumbani: "Mama, imekuwaje? Umeanguka?"

"Mama!" akalia Lorenz. Sauti ilikuwa ya mtoto.

Zenzi alitema damu na jino kwenye kiganja. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, nami niliona jambo lile linavyomkata kuliko kioo.

"Hapana," akasema. "Safari hii sikuanguka."

Lorenz alifungwa. Kwa mume wake Zenzi hakulia, lakini kwa mwanawe alilia mpaka jengo zima likasikia, na safari hii hakuna aliyepandisha redio. Alimpelekea vifurushi gerezani, vikarudi bila kufunguliwa. "Nimemuuza mtoto wangu, Afra," aliniambia. Nilimwambia hakumuuza, lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi sina mtoto, kwa hiyo nilimshika tu.

Taya la Zenzi liliunga vibaya. Mkono haukuunga. Kioo kilikata mishipa, vidole viwili havikunjiki. Hölzl alimrudisha kazini palepale kwenye kabati jipya la kioo, na mtu aliyesema neno alirushiwa bati. Zenzi alichovya kisu, akafuta, akakata, na vipande vikalala. Kila kimoja. Wachumba waliacha kuja. Waliobaki walikula keki yao ikiwa imelala, wakasema asante.

Mtu mmoja aliingia Jumapili moja ya mvua, na nilipouona msuko nilipunguza moto wa mashine ili nisikie. Hatukuwa tumemwona tangu siku ile. Alikaa meza ile ile.

"Sikuionja," akamwambia Zenzi. "Siku ile."

Zenzi alikata. Alikibeba kipande kwa mikono yote miwili, ulimi umebanwa kwenye meno yaliyosalia, na niliona anavyotaka kisimame. Alitaka hilo kuliko kitu chochote duniani. Alikiweka. Kikasimama kidogo. Kisha kikalala ubavu.

Hata mzee Vitus hakucheka.

"Nisamehe, binti," akasema Zenzi. "Safari hii si kusudi. Ni mkono."

Roswitha alikata kwa uma kutoka juu hadi chini, akapata matabaka yote, akala. Akatafuna polepole, machozi yanamtoka bila kujificha.

"Ni tamu," akasema. "Kaa, mama mkwe. Tule wote."

Lorenz hakumuoa, wala hatamuoa. Lakini mpaka leo binti yule hamwiti Zenzi kwa jina lingine.